Kupima Mwendo kwa Video ya Simu: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Fizikia

Maabara niliyoanzia kazi ilikuwa na tika-taima tatu (vifaa vya umeme vinavyogonga vidoto kwenye utepe kila baada ya muda uleule), na moja tu ndiyo iliyokuwa ikigonga. Wanafunzi hamsini na kitu walipanga foleni ili kila kundi lipate utepe wake mmoja wa karatasi wenye vidoto. Wenye bahati walipata vidoto vinavyosomeka. Waliobaki walinakili vya wenzao, nami nikasahihisha madaftari yenye majibu yaleyale huku nikijua kwamba nusu ya darasa haikupima chochote.

Leo kazi ile ya tika-taima naifanya kwa simu. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo tika-taima hugonga kidoto kila baada ya sekunde 0.02. Simu ya kawaida hupiga picha 30 kwa sekunde, na kila picha, ambayo hapa nitaiita fremu, ni kidoto chako kimoja kila baada ya sekunde 0.033. Kitu kinachopimwa hakivuti utepe wowote nyuma yake, na video moja inaweza kupimwa na makundi kumi kwa wakati wake.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko sinema. Mwaka 1878 huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya mbio akaonyesha kwamba farasi anayekimbia kuna nukta ambapo kwato zote nne zimeachana na ardhi. Miaka minne baadaye Étienne-Jules Marey wa Ufaransa akatengeneza kamera yenye umbo la bunduki, iliyopiga picha 12 kwa sekunde. Simu iliyo mfukoni mwako inawazidi wote wawili.

Nitaeleza jaribio moja kwa kina, la kutafuta mchapuko wa kitu kinachoanguka, yaani kasi yake inaongezeka kwa kiasi gani kila sekunde, kisha nitaonyesha mengine unayoweza kuyafanya kwa mpangilio huohuo. Jambo moja nalisema mapema kwa sababu lilinigharimu muhula mzima kulielewa: usahihi wa jibu lako unaamuliwa kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi. Ukipanga vibaya, hakuna programu itakayokuokoa baadaye.

Vitu vya kuandaa

Simu moja inatosha. Shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu, kwa hiyo itakuwa ya mwalimu. Pata pia kompyuta mpakato, rula ya mita, timazi ya fundi mwashi (uzi wenye jiwe mwishoni pia unafaa), kitambaa cheusi, chaki, selotepu ya karatasi nyeupe, na gunia lenye mchanga kidogo la kupokea kinachoanguka. Simu isishikwe kwa mkono. Kama huna stendi yake, ibane kwenye stendi ya maabara, au iegemeze kwenye matofali mawili juu ya meza na uizuie isiteleze.

Cha kudondosha: chungwa. Nimejaribu mpira wa tenisi, na ukiusoma kwa makini utaona hewa inauchelewesha, maana ni mwepesi kwa ukubwa wake. Chungwa la gramu 200 hivi linaanguka karibu kama jiwe na halivunji sakafu. Ila machungwa yetu ya Muheza huiva yakiwa na ganda la kijani, na kwenye video hayaonekani vizuri mbele ya kitambaa cheusi. Lizungushie selotepu nyeupe katikati kama mkanda. Mkanda huo ndio utakaoufuata fremu kwa fremu.

Kupanga eneo

Tafuta ukuta wa nje wenye mwanga mwingi, jua likiwa nyuma ya simu. Ndani ya darasa, chini ya taa za mirija, utapata matatizo mawili. La kwanza ni ukungu wa mwendo. Chungwa lililoanguka mita 1.8 linakuwa na kasi ya karibu mita 6 kwa sekunde. Kwenye mwanga hafifu simu huacha kila fremu ipokee mwanga kwa muda mrefu, tuseme sekunde 1/60, na ndani ya muda huo chungwa limeshateremka sentimita 10. Kwenye picha unaona mchirizi mrefu, na hakuna ajuaye katikati yake ni wapi. Juani simu yenyewe hupunguza muda huo hadi 1/1000 au chini yake, na mchirizi unabaki milimita 6. Tatizo la pili ni kwamba simu nyingi, mwanga ukipungua, hupunguza idadi ya fremu kwa sekunde kimyakimya. Saa yako inabadilika katikati ya jaribio na hakuna kinachokutahadharisha.

Tundika kitambaa cheusi ukutani. Ning'iniza timazi mahali chungwa litakapopita, au sentimita chache pembeni. Uzi huo una kazi mbili: unakuonyesha wima halisi, na unakuonyesha ni umbali gani kutoka ukutani chungwa litaanguka.

Sasa rula, na hapa naomba usome polepole.

Rula ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba urefu fulani kwenye picha ni mita moja. Watu wengi huiegemeza ukutani kwa sababu ukuta upo, halafu wanadondosha kitu sentimita 20 mbele yake. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza wa jaribio hili. Simu ilikuwa mita moja kutoka kwenye njia ya chungwa, rula ikawa mita 1.2 kutoka kwenye simu. Kitu kilicho mbali huonekana kidogo, kwa hiyo rula ilionekana fupi, na kila umbali uliopimwa kwa rula hiyo fupi ukatoka mrefu kwa asilimia 20. Mchapuko ukatoka mita 11.7 kwa sekunde mraba badala ya 9.78. Nililaumu simu, nikalaumu programu, nikarudia video mara nne, na kila mara jibu likawa lilelile. Kosa linalorudi vilevile kila mara ni gumu kulishuku, kwa sababu linafanana na ukweli.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, rula isimame palepale kitu kitakapopita, umbali uleule kutoka kwenye simu. Mwanafunzi mmoja aishike wima sambamba na uzi wa timazi, rekodi sekunde mbili, kisha aiondoe bila simu kuguswa, ndipo chungwa lidondoshwe. Yote yawe kwenye video moja. Pili, rudisha simu nyuma. Kosa lilelile la sentimita 20, simu ikiwa mita 4, linashuka kutoka asilimia 20 hadi 5. Kwa hiyo hata ukikosea kidogo, umbali unakulinda. Mita 4 ndiyo ninayoitumia kila siku. Hapo pikseli moja huwakilisha takriban milimita 3, na hiyo inatosha.

Urefu wa simu kutoka ardhini uwe kama wa katikati ya njia, yaani sentimita 90 hivi kama chungwa litaanguka mita 1.8. Itazame njia moja kwa moja, isiinuliwe uso wala kuinamishwa. Simu iliyoinama huifanya mita ya juu ionekane tofauti na mita ya chini. Usitumie ile lenzi pana inayoonyesha uwanja mzima, kwa sababu inapinda mistari pembeni mwa picha. Jaribio lako liishie katikati ya fremu, mbali na kingo.

Kurekodi

Kwa kitu kinachoanguka weka simu wima. Kwa kitu kinachorushwa ilaze. Gusa kioo pale kwenye uzi wa timazi ushikilie, hadi simu ifunge umakini na mwanga visibadilike katikati. Anza kurekodi, onyesha rula, ondoa rula, subiri uzi utulie, kisha uondoe nao.

Anayedondosha ashike chungwa kwa vidole viwili kutoka pembeni, aviachanishe kwa mara moja. Akilishika kutoka juu huwa analisukuma bila kujua. Dondosha mara tano kwenye video moja, utachagua iliyo safi baadaye.

Simu nyingi zina hali ya mwendo wa polepole, fremu 120 au 240 kwa sekunde. Inavutia, nami naitumia kwa mambo ya haraka kama mpira unapogonga sakafu. Lakini jihadhari. Mara nyingi faili lake huhifadhiwa likiwa limenyooshwa ili lionekane polepole, na programu italisoma kama video ya fremu 30. Kwa fremu 240, sekunde zako zinakuwa ndefu mara 8, na kwa kuwa muda unaingia kwenye mlinganyo kwa mraba, mchapuko wako unatoka mdogo mara 64: mita 0.15 badala ya 9.78. Ukiona jibu la namna hiyo, nenda kwenye mipangilio ya video ndani ya programu, iambie idadi halisi ya fremu. Chini ya taa za umeme video ya fremu 240 pia hupepesa, mwanga na giza, kwa sababu taa hupiga mara 100 kwa sekunde. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoka nje.

Kabla ya kuiamini simu yoyote, ipime saa yake. Rekodi kioo cha kompyuta kikionyesha saa ya kuhesabu sekunde, kisha ruka fremu 30. Ikiwa imesogea sekunde moja, endelea. Hili nalifanya mara moja kwa kila simu mpya, na nimewahi kukuta mbili zisizofaa.

Kuhamisha faili

Tumia waya wa USB. Ukiituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa, picha zinafifia na huna tena uhakika na mpangilio wa fremu. Kama hakuna waya kabisa, itume kama hati, ambapo inafika jinsi ilivyo.

Kuchambua kwa Tracker

Programu ninayoitumia ni Tracker, iliyotengenezwa na Douglas Brown, mwalimu wa fizikia wa Cabrillo College huko California, chini ya mradi wa Open Source Physics. Ni bure, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Ipakue siku unayopata mtandao mzuri, usisubiri asubuhi ya kipindi.

Fungua video. Chini yake kuna mstari wa muda wenye vishale viwili. Sogeza cha kushoto hadi fremu ya kwanza ambayo vidole vimeshaachia chungwa, na cha kulia hadi fremu ya mwisho kabla halijagusa gunia. Usijumuishe fremu yenye mguso, hata moja.

Rudi kwenye fremu yenye rula. Kwenye menyu ya Track chagua New, kisha Calibration Tools, kisha Calibration Stick. Utapewa mstari wenye ncha mbili: weka ncha moja kwenye sifuri ya rula, nyingine kwenye 100, kisha andika 1 kama urefu wake, maana yake mita moja. Kuza picha kabla ya kuweka ncha. Makosa ya pikseli mbili hapa yanaingia kwenye kila namba itakayofuata.

Washa mhimili. Asili yake, yaani nukta yake ya sifuri, iburute hadi mahali chungwa lilipoanzia, na mhimili wima uulaze juu ya uzi wa timazi unaouona kwenye picha. Kama simu ilisimama kombo kidogo, mhimili unaweza kuuzungusha ulingane na uzi, nao ubaki hivyo.

Sasa Track, New, Point Mass. Shikilia kitufe cha Shift ubonyeze katikati ya ule mkanda mweupe. Video inaruka yenyewe hadi fremu inayofuata. Bonyeza tena. Kwa mita 1.8 utabonyeza mara 18 hivi. Kuna njia ya kuiachia programu ifuate kitu chenyewe, kwa Ctrl na Shift pamoja, na mkanda mweupe juu ya kitambaa cheusi inaufuata vizuri. Lakini mara ya kwanza wanafunzi wabonyeze wenyewe. Nimeona zaidi ya mara moja mwanafunzi akifika kidoto cha sita hivi, anasita, anasogelea kioo, anasema, "Mwalimu, vinaachana." Vidoto vya juu vimebanana, vya chini vimetengana. Ameuona mchapuko kwa macho yake kabla hajaona namba yoyote, nami huacha darasa likae na picha hiyo dakika nzima.

Namba zinasemaje

Pembeni utaona jedwali na grafu. Chukua mfano huu wa umbali kwa sentimita, kila baada ya sekunde 0.1, yaani kila fremu ya tatu: 0, 5.1, 19.4, 44.3, 78.0, 122.4.

Waambie watoe kila namba kwa inayoifuata: 5.1, 14.3, 24.9, 33.7, 44.4. Huo ni umbali wa kila hatua, na unaongezeka. Watoe tena tofauti za tofauti: 9.2, 10.6, 8.8, 10.7. Ukigeuza vizio, hizo ni mita kwa sekunde mraba zilezile. Ni za kitu kimoja kilichoanguka mara moja, lakini zinatofautiana hivyo.

Hapo ndipo darasa hukata tamaa, na hapo ndipo somo lilipo. Umbali uliopimwa haukukosewa kwa zaidi ya milimita 3 popote. Lakini ukitoa namba mbili zinazokaribiana, kosa dogo la kila moja linabaki huku namba yenyewe ikipungua. Ukitoa mara ya pili, kosa linakuwa sehemu kubwa ya jibu. Ndiyo maana grafu ya mchapuko ndani ya Tracker hupanda na kushuka kama meno ya msumeno hata pale umbali unapoonekana laini kabisa. Usimruhusu mwanafunzi achukue nukta moja ya grafu hiyo akaiita jibu.

Njia sahihi ni kutumia nukta zote kwa pamoja. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya grafu ya umbali na muda, chagua Analyze, kisha washa Curve Fits na uchague parabola. Programu inatafuta mlinganyo wa umbo la y = At² + Bt + C unaokaribia nukta zote. A ni nusu ya mchapuko. Kwa namba zetu A inatoka 4.89, na ukizidisha kwa mbili, bila kukata desimali, unapata 9.79. Hapa pwani yetu, karibu na ikweta na usawa wa bahari, thamani halisi ni 9.78. Kumbuka mwanafunzi amezoea kuandika 9.8 au 10 bila kuuliza imetoka wapi.

B na C msizilazimishe kuwa sifuri. Vidole viliachia chungwa kati ya fremu mbili, kwa hiyo kwenye fremu yako ya kwanza tayari lilikuwa na kasi kidogo. B ndiyo kasi hiyo. Na kama umeelekeza mhimili juu, A itatoka hasi. Hapo wanafunzi wagombane kidogo kuhusu maana ya alama ya kutoa kabla hujawaeleza.

Kama hakuna kompyuta, au umeme umekatika

Weka karatasi ya plastiki angavu juu ya kioo cha simu kubwa au tableti, ibane kwa selotepu, songesha video fremu moja moja, na kila fremu uweke nukta kwa kalamu ya wino wa kudumu. Chora pia ncha mbili za rula. Kisha plastiki inabandikwa juu ya karatasi ya grafu na kazi inaendelea kwa mkono. Nukta za kila fremu ya tatu zinatosha. Makundi manane yakipokezana, kila moja linaondoka na plastiki yake. Kama kompyuta ipo lakini haina Tracker, kicheza video cha VLC kinasogea fremu moja kila ukibonyeza herufi E.

Majaribio mengine kwa mpangilio huohuo

Kurusha chungwa kwa upinde ni rahisi ukishaweza kudondosha. Programu inatenganisha mlalo na wima: mlalo unatoa mstari ulionyooka, wima unatoa parabola yenye A ileile ya lililodondoshwa. Weka grafu mbili ubavu kwa ubavu.

Gololi kwenye ubao ulioinuliwa inafaa kwa simu dhaifu zaidi. Ubao wa mita 2 ulioinuliwa sentimita 10 upande mmoja unaifanya gololi ichukue karibu sekunde 3 kutembea mita 1.5, fremu karibu 90. Mwanafunzi anayekokotoa kama gololi inateleza atatarajia mita 0.49 kwa sekunde mraba. Video itampa kama 0.35. Waache watafute kosa kwenye rula kwanza. Hawatalipata, maana gololi inabingirika: sehemu ya nishati inakwenda kwenye kuzunguka, na mchapuko unabaki sehemu tano kati ya saba, yaani 5/7, ya ule wa kuteleza.

La mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Nunua vile vikombe vya karatasi vya kuokea keki ndogo. Dondosha kimoja kutoka juu, mdomo ukitazama juu: kinaongeza kasi kidogo tu, kisha kinashuka kwa kasi isiyobadilika, na vidoto vyake vinapangana sawasawa kama shanga. Pandanisha vinne, kimoja ndani ya kingine, udondoshe tena. Umbo ni lilelile, uzito ni mara nne. Pima kasi ya mwisho ya kila kimoja kwa mteremko wa grafu. Vinne havishuki mara nne kwa kasi, vinashuka takriban mara mbili, kwa sababu hewa inazuia kwa kiasi kinachokua na mraba wa kasi. Fanya kazi hii ndani, milango ikiwa imefungwa, hata kama mwanga ni mdogo. Upepo kidogo tu wa uani unavipeleka kando, na kwa mwendo huu wa polepole ukungu wa picha haukusumbui. Kisha waulize vinahitajika vikombe vingapi ili kasi iwe mara tatu, wavihesabu mezani, wavipandanishe, na uwashe simu.